Kutoka kubusti matangazo hadi kufundisha simulizi za biashara

Vijana wanaofanya masoko ya mtandaoni hapa Dar huniuliza kwa nini niliacha kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, kazi yenye soko, nikaenda kuwafundisha wafanyabiashara kusimulia. Matangazo yenyewe ndiyo yaliyonipeleka huko.

Anayelipia tangazo ananunua kuonekana, basi. Utachagua watu wa Kinondoni wa miaka 25 hadi 40, na mwisho utahesabiwa walioona, waliobonyeza na waliotuma meseji. Ukizizoea ripoti hizo, utaona kwamba bajeti inaweza kuwa ileile na picha ileile, lakini maneno yakibadilika, wanaouliza bei nao wanaongezeka au wanapungua. Na maneno yenyewe yana nafasi finyu, maana Instagram huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mingine imefichwa mpaka mtu abonyeze. Nikajikuta navutiwa na ile mistari kuliko bajeti.

Fundi mmoja wa samani wa Keko alikuja darasani na posti zinazosema, "Vitanda imara, mbao ngumu, bei poa, karibuni." Hakuna uongo hapo, ila na jirani yake ameandika hivyohivyo. Nikamwuliza mteja wake wa mwisho alifikaje.

"Yule mama wa Mbagala? Alikuja na kipande cha chaga mkononi. Kitanda hakijamaliza mwaka, watoto wameruka, chaga zimekatika. Akaniambia, fundi, nataka kitanda cha watoto wanaoruka."

Akaeleza alivyotumia mninga na kuweka mhimili katikati, chini ya chaga. Nikamwambia, "Fundi, umeshaandika. Anzia hapo kwenye kipande cha chaga."

Simulizi ya biashara ni hiyo: mtu, shida yake, na kilichobadilika. Wanafunzi wangu wengi huja na mwaka kampuni ilipoanzishwa, dira na dhamira. Hayo yana mahali pake, kwenye andiko la kuombea mkopo. Mama mwenye watoto wanaoruka anajitafuta yeye kwenye posti yako, na asipojiona anapita.

Jambo moja silifanyii mzaha. Jina, sura au meseji ya mteja haviwekwi hadharani bila ridhaa yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mteja aliyekuamini hastahili kujikuta kwenye status yako. "Mama mmoja wa Mbagala" inatosha kabisa.

Kwa anayetaka njia hii: mimi nilianza kwa kuwafundisha wafanyakazi wa wateja wangu wa matangazo, wale wanaojibu meseji, kwa sababu wao ndio wanaomsikia mnunuzi kila siku. Madarasa ya Jumamosi yalikuja baadaye. Usiache wateja wote wa matangazo kwa mpigo. Januari, ada za shule zikibana, darasa linaweza kukosa watu, wakati kabla ya maonyesho ya biashara ya Sabasaba simu hazikomi. Na usitupe ujuzi wa namba. Kila simulizi inayotoka darasani kwangu tunaipima dhidi ya posti ya zamani, kwa fedha ileile na walengwa walewale, tukihesabu waliouliza bei. Likes hatuzihesabu.