Itikadi ni nini hasa, na kwa nini sio sawa na uongo

Kwetu neno itikadi halina ubaya wowote. Chama kina katibu wa itikadi na uenezi, mtu akiulizwa itikadi yake anataja chama au dini yake, basi. Sasa ukikutana na mtu anasema "mshahara ni itikadi" au "soko huria ni itikadi" unabaki unajiuliza anaongelea nini, maana hapo neno limeshabadilika, limetoka kwa Karl Marx na Friedrich Engels, wanafikra wa Kijerumani waliokosoa ubepari, ambao kwenye maandishi yao ya 1845 na 1846 walimaanisha mawazo yanayofanya mpangilio wa jamii uonekane wa kawaida kabisa, kama jua kuchwa, wakati ni mpangilio uliowekwa na watu na wapo unaowanufaisha.

Wengi wakisikia hivo wanarukia kusema aah kumbe itikadi ni uongo wa mabepari. Hapo ndo nataka tukae kidogo kwa sababu wakosoaji wengi wa ubepari wanateleza hapohapo.

Chukua daladala. Dereva na konda wanajua hesabu ya tajiri, yani pesa ya kumpelekea mwenye gari, ni shilingi ngapi kwa siku. Wanaingia barabarani alfajiri, wanapiga trip, na tuseme ikifika saa tisa mchana konda anahesabu zile noti alizozikunja katikati ya vidole, anamwambia dereva hesabu imetimia. Kuanzia hapo, toa mafuta, zinazoingia ni zao. Yani ndani ya siku moja kuna mstari, huku nilikuwa namfanyia tajiri, huku najifanyia mwenyewe, na wote wawili wanaujua (ndani ya hesabu kuna tairi na bima pia, sawa, lakini mstari upo). Enzi za makabaila Ulaya ilikuwa hivohivo, mkulima siku kadhaa za wiki yuko shamba la bwana, siku zingine shambani kwake, hata mtoto angekuonyesha.

Sasa mchukue dada anayeshona nguo kiwandani, analipwa kwa mwezi. Mstari wake uko wapi? Hauonekani popote. Marx kwenye kitabu chake cha 1867 kuhusu mtaji anasema mstari upo vilevile, sehemu ya siku yule dada anazalisha thamani inayolingana na mshahara wake na saa zilizobaki anazalisha thamani ya ziada ya mwenye kiwanda, ila karatasi ya mshahara imeandika mwezi mzima kwa hiyo inaonekana kila saa imelipwa. Na hakuna aliyemdanganya! Mkataba kasaini mwenyewe, pesa imeingia tarehe yake, hata akienda polisi hana cha kushtaki. Kinachoficha unyonyaji sio mdomo wa bosi, ni mshahara wenyewe unavojionyesha.

Hiyo ndo itikadi kwa maana ya ndani. Na ndo maana ukishaelezwa haiondoki, kesho karatasi itatoka vilevile na utaiona vilevile, kama unavojua dunia ndo inazunguka lakini macho bado yanaona jua linatembea. Sasa kama upotofu umekaa kwenye mpangilio wenyewe na sio kwenye vichwa tu, basi semina haitoshi, inabidi mpangilio ubadilike, na hapo ndo ukosoaji unapokuwa wa kimapinduzi. Sio kwa sababu mwandishi ana hasira.

Lakini kuna swali ambalo mimi naliheshimu sana. Kama mawazo ya watu yanatokana na nafasi zao katika jamii, mkosoaji yeye kaupata wapi ukweli? Marx alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, baba yake Engels alikuwa mbia wa kiwanda cha pamba Manchester. György Lukács, mwanafalsafa wa Hungary aliyemfuata Marx, mwaka 1923 alijibu kwamba mfanyakazi yeye mwenyewe amegeuzwa bidhaa kwa hiyo kutoka pale alipo jamii nzima inaweza kueleweka. Jibu zuri, ila lina hatari, kwa sababu akitokea mtu akasema sisi chama ndo tunajua wafanyakazi wanapaswa kuwaza nini, ukweli unageuka mali ya ofisi. Max Horkheimer, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1937 akaandika wazi kwamba hata nafasi ya mfanyakazi haitoi uhakika wa kuujua ukweli. Mimi niko na Horkheimer hapo.

Marx mwenyewe mwaka 1845 aliandika kwamba kama fikra ni za kweli au la ni jambo linalothibitishwa kwa vitendo. Watu wanaisoma vibaya wanadhani maana yake aliyeshinda ndo mkweli, hapana, ni kwamba dai lako linaingia kwenye maisha ya watu na linaweza kukwama huko.

Mfano mzuri uko hapahapa Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilipita 1967, mabenki na viwanda vikubwa vikataifishwa, lugha ya redio ikawa wanyonyaji, kupe na mirija. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa Chuo Kikuu, akaandika kwenye jarida la wanafunzi la Cheche makala ndefu kuuliza, sawa, mali imekuwa ya umma, lakini kiwandani nani anaamua? Ziada inakwenda wapi? Alikuwa anaichukua lugha ileile ya ujamaa anaigeuzia kwa serikali ya ujamaa, maana maneno "mali ya umma" nayo yanaweza kuficha mstari kama mshahara unavouficha. Mwaka huohuo Cheche likapigwa marufuku. Wanafunzi wakaanzisha lingine, wakaliita Maji Maji.