POST: ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia kabla ya kuwaka

Mtu akisema "kompyuta yangu haiwaki", fundi bado hajapata pa kushika. Huenda kitufe kimebonyezwa na hata taa moja haikuwaka. Huenda feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi tii. Au nembo ya mtengenezaji imetokea, kisha mashine ikaganda hapo hapo. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na ukitaka kujua lako ni lipi, inafaa uielewe POST.

POST (kifupi cha Power-On Self-Test) ni ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia yenyewe kila inapowashwa, kabla haijaanza kutafuta Windows, Linux au mfumo endeshi wowote. Maelekezo yake hayakai kwenye hadi diski. Yamo katika chipu iliyobandikwa kwenye ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ndani ya programu ndogo iitwayo BIOS. Mashine za karibuni hutumia UEFI, mrithi wa BIOS. Kwa hiyo kompyuta iliyong'olewa hadi diski bado inaweza kumaliza POST salama na kukuandikia kwamba haina mahali pa kuanzia.

Lakini POST yenyewe haianzi bila umeme safi. Ukibonyeza kitufe, ubao mama huiamsha pawa saplai, kisanduku kinachovipa vifaa vya ndani umeme. Pawa saplai ya mtindo wa ATX, mtindo ulioletwa na Intel mwaka 1995, huanza kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Zikishatulia, hupeleka ishara ya volti 5 kwa waya wa kijivu kuuambia ubao mama kwamba mambo yako sawa. Prosesa, ubongo wa kompyuta, huzuiliwa mpaka ishara hiyo ifike. Hapa ndipo wengi hupotea: wanaona feni inazunguka, wanaamua umeme hauna tatizo. Feni haihitaji mengi ili izunguke. Pawa saplai iliyochoka inaweza kuizungusha vizuri tu huku prosesa ikisubiri ishara isiyokuja. Njia ya uhakika ni kujaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima. Ile ya zamani usiifungue, maana kapasita zake, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji, hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Umeme ukiwa sawa, prosesa husoma agizo lake la kwanza kutoka kwenye BIOS na ukaguzi huanza: BIOS yenyewe iko kamili? RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ipo na inajibu? Kadi ya michoro je? Kibodi na diski hufuata. RAM au kadi ya michoro ikiwa na hitilafu, kompyuta haina skrini ya kuandikia malalamiko, kwa hiyo hulia. Kwenye mashine nyingi za zamani, mlio mmoja mfupi ni habari njema. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kwenye IBM PC za mwanzo na kwenye BIOS nyingi za kampuni ya Award, huelekeza kwenye kadi ya michoro. AMI na Phoenix, watengenezaji wengine wa BIOS, wana hesabu zao tofauti, kwa hiyo tafuta kwanza jina la BIOS na modeli ya ubao mama wako ndipo ufungue jedwali la milio. Jedwali lisilo la mashine yako litakununulisha kifaa usichokihitaji.

Na ikiwa kimya? Kwanza hakikisha spika ndogo ya ndani ipo na imechomekwa, kwa sababu kimya cha mashine isiyo na spika hakina maana yoyote. Kisha kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote, nalo halihitaji kifaa chochote. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, toa RAM zote, halafu rudisha umeme na uwashe. Ikilia kulalamika, umepata habari kubwa: prosesa, ubao mama na BIOS vina uhai wa kutosha kugundua kwamba RAM haipo. Rudisha kipande kimoja cha RAM, ukikikandamiza mpaka vibanio vifunge, kisha jaribu kingine na nafasi nyingine. Inaniuma kuona mashine nzima ikitupwa wakati kosa lilikuwa RAM iliyolegea au miguu yake iliyoshika uchafu.

Isipolia hata bila RAM, na spika ipo, mashaka hurudi kwa pawa saplai, ubao mama au prosesa. Angalia kapasita za ubao mama: zilizovimba kichwani au kuvuja hujieleza zenyewe.

Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza pia Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, yaelekea mashine imeshapita POST na tatizo ni monita, kebo au kadi ya michoro.

Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mama, hulaumiwa kupita kiasi. Ikifa, saa na tarehe hupotea na BIOS husahau mipangilio, mara nyingi ikikutaka ubonyeze F1 ili kuendelea. Ni mara chache betri hiyo peke yake huzuia mashine kuwaka.

POST ikiisha, BIOS ya zamani husoma baiti 512 za mwanzo za diski na kuangalia kama baiti mbili za mwisho wake zina alama 55 na AA. Isipoziona, hutangaza kwamba diski ya kuanzia haipo. Ukifika hapo, acha RAM na pawa saplai, kagua kebo ya diski, mpangilio wa diski ya kuanzia ndani ya BIOS, na afya ya diski yenyewe. Mashine ikigandia katikati ya kupakia mfumo endeshi, ndipo RAM hurudi kwenye orodha, kwani POST huipima juu juu tu. Programu kama Memtest86+ huichunguza kwa saa nyingi na kukamata makosa ambayo ukaguzi wa sekunde chache hauwezi kuyaona.