Starbucks Ikija Kampala: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila unapozuka mjadala wa Starbucks, mikahawa ya kahawa ya Kimarekani, kufungua Kampala, husikika madai haya; nitayapima moja moja.

"Wakija, mkulima wa Masaka atapata bei nzuri." Dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana kuna watu wanaoipandia miche. Starbucks imejijenga kwa arabika, aina ya kahawa ya milimani. Masaka, Mukono na Luweero ni nchi ya robusta, aina nyingine ya kahawa, na robusta ni takriban asilimia 80 ya kahawa yote ya Uganda. Wa kunufaika labda ni mkulima wa arabika wa miteremko ya Elgon au Rwenzori, na hata yeye hahitaji mkahawa ufunguliwe Kampala: buni yake husafirishwa mbichi, ikakaangwe ng'ambo.

Bei ya kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na maganda yake, hufuata soko la London. Mkulima huanika kwenye turubai, akachota konzi moja na kuitikisa sikioni. Punje zikicheza ndani ya ganda, imekauka. Akifika kwa mnunuzi anakuta bei ya London iliyokwisha kukatwa ukoboaji, usafiri na faida ya kila aliyepo njiani. Kikombe cha mjini, hata kiuzwe ghali vipi, hakiigusi mizani ile.

"Basi robusta ni duni, ndiyo maana wakubwa hawaitaki." Si kweli hata kidogo. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, Waitaliano wengi huichanganya kwenye espresso ili ipate povu zito, na viwanda vya kahawa ya kukoroga huitegemea. Hapa ni kwao: bado inamea mwituni katika msitu wa Kibale. Ladha mbaya inayolaumiwa mara nyingi hutokana na kuvuna matunda mabichi na kuyaanika kwenye udongo mtupu, na hilo linarekebishika.

"Ukiwa na mtaji unanunua jina, unafungua." Starbucks, iliyoanzia Seattle mwaka 1971, katika nchi nyingi za nje hutoa leseni kwa makampuni makubwa, si kwa mtu mmoja mmoja. Na ukubwa wenyewe si kinga. Afrika Kusini, Taste Holdings, kampuni iliyopewa leseni hiyo, ilifungua duka la kwanza la Starbucks Rosebank, Johannesburg, mwaka 2016. Mwishoni mwa 2019 ikakubali kuuza maduka yake 13 kwa randi milioni 7. Anayetamani mkataba wa jina lolote la kigeni aulize kwanza mrabaha, yaani ada ya kutumia jina, unakatwa wapi. Kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo hata mwezi wa hasara unalipa.

"Café Javas ni tawi la Java House." La, hii ni mikahawa ya kampuni mbili tofauti. Java House ilianzia Nairobi mwaka 1999. Café Javas ni ya Mandela Group ya hapa Uganda, nayo imevuka mpaka hadi Nairobi. Endiro, kampuni ya mikahawa iliyozaliwa Kampala, ilifika mbali zaidi: ilifungua mkahawa Aurora, jimbo la Illinois, Marekani.