“Mwanga wa Hospitali” Katika Nyumba za Mawe: Dhana Potofu Kuhusu Taa za LED

Niliitwa na mwenye nyumba ya wageni mtaani Mkomani, hapa Lamu, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye nyumba hiyo aliirithi na akaitengeneza upya kwa chokaa na boriti bila ya kutia saruji pasipostahili. Tuliketi dakani, na kabla sijafungua begi la vifaa akaniambia: “Fundi, nifanyie kila kitu, lakini hizo taa za LED usinitilie. Zina mwanga wa hospitali.” Nikamjibu, “Naam, babangu,” nikanyamaza kwa adabu. Sentensi hiyo, kwa maneno hayo hayo, nimeisikia kwa wenye mahoteli, kwa wenye maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, hata kwa watu wanaotunza vitu vya kale na ambao ningetarajia wajue zaidi. Nimechoka kuijibu mlango kwa mlango, kwa hiyo leo naiandika.

Dhana: taa za LED zina mwanga mweupe mkali unaoharibu uzuri wa nyumba ya kale

Neno LED halitaji rangi ya mwanga, kama vile neno “kitambaa” lisivyotaja rangi ya nguo. Linataja namna mwanga unavyozalishwa, basi. Ndani ya globu ya kawaida ya LED mna vipande vidogo vinavyotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga maalumu unaoigeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na wekundu, na macho yetu huuona mchanganyiko huo kuwa ni mweupe. Kilichokuwa kigumu ni kuipata buluu yenyewe: LED nyekundu ilikuwapo tangu mwaka 1962, lakini ile ya buluu yenye nguvu ya kutosha ilipatikana miaka ya 1990 mwanzoni, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Buluu ikishapatikana, mtengenezaji akibadilisha unga hupata mwanga anaoutaka, wa moto, yaani wa umanjano, au wa baridi, yaani mweupe wa kuelekea buluu.

Rangi hiyo ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na namba yake imeandikwa kwenye boksi la kila globu inayostahili kununuliwa. Globu ya zamani ya waya ilikuwa na takriban 2700, ya haloji 3000, na ile inayoitwa ya mwanga wa mchana ina 6500, ambayo ni rangi ya anga lenye mawingu saa sita. Ukienda kwenye duka lolote la vifaa vya stima mjini petu utakuta rafu nzima ya 6500, na ukiuliza 2700 muuzaji atakutazama kana kwamba umeagiza barafu jangwani. Sababu zipo. Kwa wati zile zile, globu ya mwanga wa baridi hutoa mwanga mwingi kidogo zaidi, na sisi tuliolelewa chini ya taa za tyubu tumezoea kuamini kwamba weupe ndio ung’avu. Basi mtu hununua globu ya 6500, huifunga chini ya boriti zenye umri wa miaka mia mbili, ukuta wa chokaa hugeuka kuwa rangi ya maiti, naye hulaani LED. Kosa lilikuwa kwenye namba ambayo hakuisoma.

Ipo namba ya pili ambayo wateja wangu karibu wote hawajapata kuisikia, nayo ni Ra, kipimo cha uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi za vitu, ambapo 100 ndio ukamilifu wa globu ya waya. Globu nyingi za bei ya kawaida zina Ra ya 80, na upungufu wake huonekana zaidi katika wekundu. Mlango wa mbambakofi ulionakshiwa, ambao mchana una wekundu wa kina, usiku chini ya taa ya namna hiyo huonekana kama mbao zilizolowa matope. Mwenye duka la kofia atakuwa ameona mnunuzi akiichukua kofia ya vito, ile ya kutariziwa, akatoka nayo nje ili aitazame rangi ya uzi juani. Mnunuzi huyo hana wasiwasi na kofia, ana wasiwasi na taa ya duka. Kwa duka la nguo, la kofia, la dhahabu, au kwa chumba chochote chenye nakshi, mimi siweki chini ya Ra 90, na mteja akisema ni ghali humwambia aweke globu chache nzuri kuliko nyingi mbovu.

Tatu ni mahali pa kuiweka taa, na hapa nakiri nina ukaidi wangu. Taa moja yenye nguvu katikati ya dari, ikimulika chini, ni adui wa nyumba ya Kiswahili, iwe ni LED au kandili. Chumba cha ndani ni kirefu na chembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliokiwekea mpaka upana wake, na ukuta wake wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umechongwa ili vivuli vicheze ndani ya nakshi za chokaa. Ukimulika kutoka juu katikati, vivuli hufa na ukuta mzima huwa bapa kama karatasi. Mwanga unaopita kando ya ukuta, kutoka chini au pembeni, ndio unaoamsha kila mchoro. Udogo wa LED unaruhusu jambo hilo: ukanda mwembamba wa LED wa 2700 hufichika nyuma ya ukingo wa kidaka bila ya kupasha moto sahani ya kauri iliyowekwa humo, wakati globu ya waya isingeenea na kama ingeenea ingeunguza. Ila tafadhali, ukanda huo ufungwe juu ya ubao unaoweza kuondolewa. Atakayenijia na drili kuitoboa chokaa ya zamani tutagombana.

Nikirudi kwa mzee wa Mkomani, sikubishana naye. Magharibi nilirejea na globu mbili za LED za wati 7, moja ya 6500 na nyingine ya 2700 yenye Ra ya zaidi ya 90, nikazifunga moja baada ya nyingine kwenye holda ile ile. Ya kwanza alikunja uso. Ya pili alisema, “Eeh, hii ndiyo globu ya kizamani niitakayo.” Nikampa boksi asome.

Kwa wanaoona kwamba haya ni ya nyumba ndogo ndogo za pwani, waulize Vatican. Kanisa la Sistine, lenye michoro ya Michelangelo, liliwekewa LED zipatazo 7000 mwaka 2014, zilizorekebishwa rangi ili ziafikiane na rangi za michoro yenyewe.

Dhana: wati chache maana yake ni giza

Hii nitaimaliza upesi. Wati ni stima inayoliwa, mwanga hupimwa kwa lumeni. Globu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni kama 700 hadi 800, na LED ya wati 8 hutoa hizo hizo, kwa sababu ile ya waya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya stima kuwa joto. Chukua hoteli yenye globu 40 za wati 60 zinazowaka kwa muda wa saa 6 kila usiku: hizo ni uniti 14.4. Kwa LED za wati 8 ni uniti 1.92. Tofauti kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 374 na ushei. Zizidishe kwa bei iliyomo kwenye risiti yako ya tokeni, halafu uniambie kama globu ni ghali. Na jambo ambalo watu hulisahau: zile wati 2080 zilizookolewa zilikuwa zikimwagika vyumbani kama joto, ni kama kuacha pasi mbili zikiwaka usiku kucha huku kiyoyozi kinahangaika kulitoa nje joto lile lile.

Dhana: LED haina joto na haiungui, ukiifunga umeisahau miaka ishirini

Yupo pia mwenye dhana iliyo kinyume, aliyeunguliwa na globu tatu kwa mwezi mmoja na sasa anasema LED zote ni takataka. Wote wawili wamekosea kwa sababu moja, nayo ni joto.

LED haimuliki kwa joto, lakini nyuma ya vipande vyake joto lipo, na lisipopata pa kutokea huila taa polepole. Kinachokufa kwanza mara nyingi si LED, bali ni saketi inayobadilisha stima ya volti 240 iwe ya kuifaa LED, na ndani ya saketi hiyo kapasita, kipande kinachohifadhi chaji, ndiyo dhaifu zaidi: kila joto lake likizidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hupungua takriban nusu. Sasa fikiria zile kandili za shaba na vioo tunazozipenda sana hapa, zilizofungwa pande zote, zimeangikwa kwenye dari la makuti usiku wa Februari, na ndani yake mtu ametia globu ya wati 15 ya bei ya chini. Itadumu muda gani? Kandili iliyofungwa itiwe globu ya wati chache ambayo boksi lake linaruhusu kufungiwa, au kandili itobolewe matundu ya hewa juu, mahali pasipoonekana.

Hata ule umri wa saa 25,000 unaoandikwa kwenye boksi, ambao kwa saa 6 kwa usiku ni zaidi ya miaka 11, kwa kawaida hauna maana ya taa kuzimika. Maana yake ni kwamba kufikia hapo mwanga utakuwa umeshuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kwa pwani ongeza chumvi. Upepo wa kusi huileta hadi ndani ya soketi, na miguu ya holda huota kutu ya kijani. Taa zinazotazama bahari ziwe na kinga ya vumbi na maji ya kiwango cha IP65 kwenda juu, na kwenye boksi kuu la stima pawe na kifaa cha kukinga mshtuko wa stima inaporudi baada ya kukatika. Mteja anayeniuliza kwa nini globu zake huungua pamoja usiku mmoja kwa kawaida hana kifaa hicho.

Dhana: LED haina mionzi, kwa hiyo haiwezi kudhuru vitu vya makumbusho

Nusu ya maneno haya ni kweli, na ndiyo inayoyafanya yawe hatari. LED nyeupe ya kawaida haitoi takriban mionzi yoyote ya urujuanimno, na haipeleki joto kubwa mbele kama haloji, kwa hiyo ni bora kwa kabati la maonyesho. Lakini mwanga wenyewe tunaouona ndio unaopausha rangi, na madhara yake hujumlishwa siku baada ya siku bila ya kufutika. Kwa karatasi, hariri, kanga za zamani na wino, kipimo kinachotumika duniani ni luksi 50 (luksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu), na jumla kwa mwaka isizidi luksi-saa 150,000 kwa vile vyenye udhaifu wa wastani. Saa 8 kila siku kwa luksi 50 huleta 146,000, yaani umekwisha kufika. Ukiweka luksi 200 kwa kuwa “LED haidhuru”, mgao wa mwaka mzima unakwisha kwa miezi mitatu hivi. Na kabla hujanilaumu mimi na taa zangu, tazama dirisha: jua la pwani saa sita linapita luksi 100,000, kwa hiyo msahafu wa kale ukiachwa juani saa moja na nusu umeshakula mwaka wake.

Si kila kitu ni cha kuogopewa. Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu la kale la watawala, iliyomo katika makumbusho ya hapa, haipauki kwa taa. Siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, hasa wa joto na ukavu. Mahali pa kumulika sana na mahali pa kumulika kidogo hutofautiana ndani ya chumba kimoja.

Kuhusu vipunguza mwanga, neno fupi: cha zamani kilichotengenezwa kwa globu za waya kitaifanya LED itetemeke au ivume. Badilisha vyote viwili, na ununue LED iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Ukishuku mtetemo, elekeza kamera ya simu kwenye taa. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, mara nyingi saketi yake ni duni.

Dhana: taa za ufuoni, maadamu ni za LED, ni salama kwa mazingira

Kuokoa stima ni jambo moja, na kasa ni jambo jingine. Kasa hutaga katika fukwe za Lamu na Malindi, na vifaranga wanapotoka mchangani usiku huelekea pale upeo wa macho unapong’aa zaidi, ambapo tangu zamani ni baharini. Hoteli ikiwasha LED nyeupe inayotazama ufuo, yenye buluu nyingi ndani yake, vifaranga hugeuka na kuelekea hotelini, ambako wengi hufa kwa uchovu, kwa kaa na kwa jua la asubuhi. LED ya rangi ya kaharabu, isiyo na buluu, iliyowekwa chini na kufunikwa upande wa bahari, huwasumbua kidogo sana, na wadudu huifuata kwa uchache kuliko nyeupe, jambo ambalo mgeni anayekula chakula cha usiku barazani hulishukuru bila ya kujua sababu. Msimu wa kutaga, zile za kupendezesha tu zizimwe kabisa.