Je, wajua kwa nini si kila ulimi uliofungwa hukatwa?

Inua ulimi mbele ya kioo. Chini yake utaona utando unaoushikiza kwenye sakafu ya kinywa. Kila mtu anao. Kwa watoto wengine utando huo ni mfupi, mnene, au umeshika karibu mno na ncha, na hapo ndipo husemwa kuwa mtoto amefungwa ulimi. Lakini utando mfupi peke yake si ugonjwa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba chini ya nusu ya watoto wenye umbile hilo hupata shida ya kunyonya. Kinachoamua ni kazi ya ulimi, si sura yake.

Mtoto hanyonyi kwa midomo tu. Ulimi hutoka juu ya ufizi wa chini, kingo zake hujikunja na kulikumbatia titi, kisha sehemu ya kati na ya nyuma hushuka na kuvuta maziwa. Ulimi usipofika mbele, ufizi hubaki wazi na kuibana chuchu. Ndiyo maana mama huumia kila anaponyonyesha, chuchu hutoka ikiwa imebapa au imechongoka upande mmoja, na mtoto huachia titi mara kwa mara huku akitoa mlio wa "kt, kt". Hunyonya muda mrefu, na bado ana njaa.

Ili kuutazama ulimi vizuri, nawa mikono, mlaze mtoto chali mapajani, kichwa kikielekea kwako, kisha pitisha vidole vya shahada pande mbili chini ya ulimi na uuinue taratibu. Angalia pia akilia: je, ulimi unafika katikati ya kinywa? Akiutoa, unapita ufizi wa chini, au ncha inavutwa ndani na kuwa na umbo la kopa la karata? Ukiyaona haya na mtoto ananenepa, mama haumii, acha. Wasiwasi uanze pale mtoto wa zaidi ya siku 5 anapokojoa chini ya mara 6 kwa saa 24, au siku ya 14 imefika na hajarudia uzito wa kuzaliwa. Huyo apelekwe kliniki siku hiyohiyo.

Hata hapo mkasi si hatua ya kwanza. Maumivu mengi hutokana na mtoto kushika chuchu tu. Pua yake ielekee chuchu, asubiriwe afunue kinywa sana, kidevu kiguse titi kwanza, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Wakati huo mama akamue maziwa na kumnywesha kwa kikombe, yasije yakapungua.

Hilo lisiposaidia, ukataji kwa mtoto wa wiki chache ni jambo la dakika moja. Kabla yake daktari huuliza kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na kama kuna mtu katika ukoo anayevuja damu ovyo. Mtoto huviringishwa kwenye shuka, msaidizi hushika kichwa, ulimi huinuliwa, na utando hukatwa milimita chache kwa mkasi wenye ncha butu uliochemshwa kwa mvuke. Gozi, yaani kitambaa cha kufungia vidonda, hugandamizwa hapo, kisha mtoto huwekwa titini mara moja. Doa jeupe au la njano litakaloonekana siku zinazofuata ni kidonda kinachopona, si usaha. Usilisugue. Mtoto mwenye meno hali yake ni tofauti: kwa kawaida hulazwa usingizi wa dawa.

Kuukata utando kwa ukucha au wembe wa nyumbani ni hatari kweli. Kando ya utando kuna matundu ya mate, na chini yake mishipa ya damu. Ukikata ndani kidogo tu, damu hutoka, na kichanga kina damu kidogo, hakina ya kupoteza. Pepopunda nayo haibishi hodi. Kukata kimeo ni jambo jingine kabisa, na hakumsaidii mtoto kunyonya.

Na mdomo wa juu? Karibu kila mtoto mchanga ana kijinyama kinachouunganisha na ufizi. Hupanda juu chenyewe taya linapokua, na mwanya wa mbele mara nyingi huzibika meno ya chonge ya ukubwani yakiota, karibu na miaka 11 au 12. Ushahidi wa kukikata ili mtoto anyonye ni hafifu. Kukata vijinyama vya mashavuni hakuna msingi.

Kuhusu kusema, ulimi uliofungwa hauchelewishi maneno. Unaweza kuharibu matamshi ya sauti chache kama r, l au th, ingawa kubadilishana r na l mara nyingi ni lafudhi ya nyumbani tu. Mtoto wa miaka 2 asiyesema apimwe masikio kwanza.