Ugali Unakwama Kifuani? Usibadili Chakula, Nenda Ukapimwe

Umio ni nini?
Ni mrija wa misuli unaoanzia kooni, unapita nyuma ya bomba la hewa, unapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kisha unaingia kwenye mfuko wa tumbo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Tonge halianguki lenyewe: misuli hujikaza kutoka juu kwenda chini, na ndani ya sekunde kama 10 tonge limefika.

Ugali unakwama kifuani, uji unapita. Si vidonda vya tumbo hivyo?
Hapana. Vidonda vya tumbo hukaa kwenye mfuko wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo. Huchoma, huuma, huweza kuvuja damu, lakini si kawaida yake kuzuia tonge kifuani. Tonge likikwama, njia yenyewe imekuwa nyembamba au misuli imeshindwa kusukuma. Umio wenye afya hutanuka kufikia sentimita 2 au zaidi. Mtu huanza kusikia ugali unakwama njia ikishabaki milimita 13 hivi. Kwa hiyo siku unapoona dalili, tatizo lina muda. Na katika nchi za ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, saratani ya umio ni jambo la kufikiriwa mapema, si mwishoni.

Nimemeza omeprazole, kiungulia kimepungua. Niendelee?
Hapana. Dawa hiyo hupunguza asidi. Haipanui njia. Kama ni saratani, inaendelea kukua huku wewe ukirudi duka la dawa kununua dozi ya tatu.

Nikilainisha chakula, si nitakuwa salama?
Hapana, na tafadhali lisikike: hapana. Hapa ndipo watu wanapopotelea. Kwanza wanaacha nyama na kande. Kisha ugali unashushiwa kwa maji, funda moja kwa kila tonge. Halafu mtori, halafu uji mwepesi. Kila hatua inaonekana kama nafuu, kumbe njia inazidi kuziba. Wanaofika hospitali wakati huo wameshatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na mkononi wana kopo la kutemea mate kwa sababu hata mate hayapiti. Nyumbani walikuwa wakiambiwa wametupiwa kitu kooni. Umio hauna utando wa nje kama ule unaofunika utumbo, hivyo saratani hupenya upesi hadi kwenye bomba la hewa. Miezi mitatu ya uji ni miezi mitatu ya saratani kusambaa.

Niende lini?
Chakula kigumu kikikwama zaidi ya mara moja, nenda wiki hiyo hiyo. Usisubiri mavuno ya mahindi yaishe wala viazi viuzwe. Ukitapika damu, ukapata choo cheusi kama lami, au mate yakishindwa kupita, nenda leo. Kituo cha afya kikikupa tena dawa za vidonda vya tumbo, sema wazi, "Chakula kinakwama," na uombe rufaa ya kipimo cha kamera.

Kipimo cha kamera kinaumiza?
Kinakera zaidi ya kuuma. Usile kwa saa 8 kabla, na umwambie mhudumu kama chakula kinakwama sana, maana mabaki hukaa umioni. Unapuliziwa ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, na mrija wenye unene wa kidole kidogo hupitishwa mdomoni. Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 15. Kinyama kidogo kikichukuliwa kwa kupimwa, hutasikia maumivu. Usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, na usiondoke bila tarehe ya majibu.

Chai ya moto ina shida gani?
Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Mbeya mjini, kwa mwinuko wake wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94, bado juu sana ya hizo 65. Baridi ya Juni kule Makete na Mufindi inaeleweka, lakini chai unayolazimika kuivuta kwa kelele huku ukipuliza bado inaunguza. Ongeza maziwa ya baridi au iache ipoe. Sigara na pombe, ulanzi na komoni zikiwemo, huongeza hatari.

Ikiwa ni saratani, kupima kuna faida gani?
Ikiwahi kuonekana, upasuaji unawezekana, na matibabu ya mionzi yapo, ikiwemo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hata ikichelewa, mrija wa waya unaotanuka unaweza kuwekwa kwenye sehemu iliyoziba, na mgonjwa akaweza tena kumeza uji, maji na mate yake mwenyewe.