Kabla hujaizika giaboksi ya Noah yako

Gereji yangu iko Soweto, hapa Mbeya, na kazi yangu kubwa ni magari ya otomatiki. Noah ndizo nyingi, halafu Voxy, Serena, na Alphard moja moja. Kila mwaka baridi ikianza kushika, kuanzia mwezi wa tano hivi, naisikia sentensi ileile mpaka naiota: "Fundi, giaboksi imekufa." Mwenye gari hajasema gari inafanya nini. Hukumu ameshaitoa, pengine hata hela ya giaboksi nyingine ameshaikopa. Basi leo naandika, ili anayekuja kesho nimpe simu yangu asome wakati mimi nafungua boneti.

"Gia hazibadiliki vizuri, kwa hiyo giaboksi imekufa"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Mwaka jana mwezi wa saba alinijia mzee mmoja kutoka upande wa Kiwira na Noah ile ya mwanzo, ya gia nne. Fundi wake alikuwa ameshamwambia atafute giaboksi ya mtumba kutoka Dar. Mzee alikuwa ameshaongea na mnunuzi amwachie parachichi zote za shambani kwa bei ya chini, alimradi alipwe mapema.

"Inafanyaje, mzee?"

"Haingizi ya nne."

"Muda wote?"

Akafikiri. "Asubuhi nikitoka nyumbani haingizi kabisa, inalia tu. Nikimaliza kupanda Isyonje, hapo inaingia vizuri. Nikishuka kuja Uyole, kidogo tu, inakataa tena. Usiku ndiyo usiseme."

Sikuhitaji hata kuiendesha. Giaboksi iliyokufa haifufuki saa saba mchana ikafa tena saa kumi na mbili jioni. Nikamwomba tuiache ipoe, tukanywa chai, kisha nikaiwasha huku nimeshika lile bomba la juu la rejeta. Kwenye gari iliyo kamili, bomba hilo linabaki la baridi dakika kadhaa, halafu ghafla linapata moto, maana themostati, kile kilango kinachozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, imefunguka. La mzee lilianza kuwa vuguvugu mapema na kupanda polepole pamoja na injini. Nikafungua nyumba ya themostati. Ndani kulikuwa na silikoni nyekundu na hewa. Themostati haipo.

Mafundi wenzangu, tusemezane ukweli hapa. Tabia ya kung'oa themostati kila gari inapochemsha tumeirithi na hatuiulizi maswali. Labda kwenye joto la pwani madhara yake hayaonekani haraka. Huku kwetu, ambako asubuhi ya Juni unakuta umande mweupe kwenye majani, injini isiyo na themostati haipati joto lake. Na kompyuta ya gari inasoma joto la maji kabla ya kuamua mambo ya gia. Kwenye Toyota nyingi za gia nne, maji yakiwa hayajafika nyuzi 50 hadi 60 hivi, kompyuta inakataa makusudi kuingiza gia ya nne, na inakataa pia kufunga toki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili. Inafanya hivyo ili injini ipate joto haraka. Mzee akipanda mlima, injini inafanya kazi, maji yanapata moto, ya nne inaruhusiwa. Akishuka, upepo wa baridi unapiga rejeta, maji yanapoa, ya nne inafungiwa. Giaboksi inatii amri tu.

Tuliweka themostati mpya ya nyuzi 82, tukatoka nayo kuelekea Igawilo na kurudi. Mshale wa joto ulipokaa katikati, ya nne ikaingia, na baada ya muda mshale wa mizunguko ukashuka tena kidogo, kama gia ya tano. Mzee akanigeukia: "Na hiyo nyingine ni nini?" Hiyo ni toki konveta inajifunga, baba. Hajawahi kuisikia tangu anunue gari. Akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, na kumpigia simu mnunuzi wa parachichi palepale, nami nikajifanya nafunga vifaa.

Si kila gari ni themostati, najua. Lakini mfumo ni uleule: giaboksi inasikiliza vitu vingine, na kimoja kikidanganya, yenyewe ndiyo inayolaumiwa.

Chukua urefu wa nchi. Gari imenunuliwa Dar, usawa wa bahari, imebadilisha gia kama siagi. Inafika Mbeya, mita 1,700 hivi, mwenye gari anasema inachelewa kubadilisha na inalia sana. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo unakanyaga mafuta zaidi bila kujijua. Giaboksi ikiona umekanyaga zaidi, inaelewa unataka nguvu, inaishikilia gia ya chini kwa muda mrefu. Nenda barabara ya Chunya, kule juu kabisa kabla ya kuanza kushuka Lwanjilo, utaona hali hiyo imezidi. Shuka Kyela na gari hiyohiyo, inageuka mpya. Sasa utaniambia giaboksi inapona ikiona maziwa na ndizi?

Halafu kuna ile gari inayojikwaa. Unapanda taratibu, spidi 60 hivi, gari inashtuka-shtuka, kama inapita kwenye matuta madogo. "Fundi, gia zinakwaruzana." Mara nyingi ni koili au plagi moja inamisi, yaani inaruka kuwasha. Kwa nini inaonekana kwenye mwendo huo? Kwa sababu toki konveta imejifunga, mizunguko ya injini iko chini na mzigo ni mkubwa, basi kila mmiso unafika moja kwa moja kwenye kiti chako. Jaribu hivi: ikianza kushtuka, usiondoe mguu kwenye mafuta, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kwenye barabara tupu. Toki konveta itajifungua. Mshtuko ukipungua, anza na plagi na koili, kisha hali ya haidroliki, yaani oili ya giaboksi. Hela yako ya giaboksi iache benki.

Na kishindo kile cha "dumu!" ukiweka D au R? Kabla ya kufungua chochote, mtu akae ndani akanyage breki, mwingine atazame injini ikiwa inabadilishwa D na R. Ikiinuka kama jogoo anataka kuwika, maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zimechoka.

Sasa, haki bin haki: giaboksi hufa kweli. Dalili zake nazijua na nitakwambia bila kukuficha. Haidroliki nyeusi yenye harufu ya kuungua. Chenga za chuma kwenye sampo, yaani bakuli la chini la giaboksi, si ule unga laini wa kijivu kwenye sumaku, huo ni wa kawaida. Unakanyaga, injini inapanda, gari haiendi, na inazidi ikipata moto. R haipo. Na kipimo kimoja rahisi: gari ikiwa ya moto, injini inawaka bila kukanyaga mafuta, breki umeshika, toa N weka D na uhesabu. Kwenye Toyota inatakiwa ishike ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R ndani ya 1.5. Ukifika "moja elfu, mbili elfu, tatu..." ndipo gari inavuta, hapo tukae tuongee. Hata hapo, pima kwanza kiasi cha haidroliki.

"Haidroliki nimepima, iko full"

Umepima vipi? Kama oili ya injini, gari imezimwa? Basi hujapima. Injini ikizimwa, haidroliki inarudi chini kutoka juu na stiki ya kupimia inakwambia imejaa, kumbe imepungua. Ukipanda mlima au ukikata kona kali, pampu inavuta hewa na gia zinateleza.

Endesha mpaka gari ipate moto kweli, dakika 20 hivi. Simama pasipo na mteremko, jambo ambalo Mbeya si rahisi, nakubali. Injini ikiwa inawaka na breki umeshika, pitisha lever P, R, N, D, 2, L, kisha irudishe P. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ingiza, chomoa tena, soma upande wa HOT. Ikizidi nayo ni kosa, maana inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halishiki gia.

"Haidroliki ni haidroliki, zote nyekundu"

Hapana. Noah ya 2001 hadi 2004 ya gia nne inataka haidroliki aina ya T-IV. Kuanzia maboresho ya 2004 Noah hiyohiyo ilianza kuja na CVT, na hiyo inataka oili ya CVT. Serena C25, nayo ya CVT, inataka oili aina ya NS-2. CVT haina gia za kubadilisha. Ni mkanda wa chuma umebanwa kati ya puli mbili, na unachoufanya usiteleze ni msuguano wa oili hiyo maalumu. Ukimwagia haidroliki ya kawaida umeupaka mkanda utelezi. Nimepokea gari iliyomwagiwa lita nne za haidroliki nyekundu njiani na fundi mwenye roho nzuri tu. Ilifika gereji, lakini ilifika inalia.

Na wenye CVT mnaokuja kusema "inalia sauti moja tu, haibadilishi": ndivyo ilivyoumbwa. Haina cha kubadilisha.

"Ukibadilisha haidroliki, giaboksi inakufa"

Watu hawa nawaelewa, kwa sababu wameona kwa macho yao. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Miaka saba hakuna aliyegusa. Gari inaanza kuteleza. Hapo ndipo inabadilishwa haidroliki. Baada ya wiki inakufa. Ni kama mgonjwa aliyefikishwa hospitali mahututi, kisha ndugu wakailaumu dripu.

Kwa milima yetu mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Gari uliyonunua bila historia, ibadilishe haidroliki kwa kufungua nati ya chini: itatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta. Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, kwa kipimo cha chupa, si kwa macho. Endesha wiki mbili, rudia. Mashine ya kusukuma yote kwa mpigo kwenye giaboksi iliyotelekezwa siipendi, na usinibembeleze.

"O/D OFF ikiwaka, gari inakula mafuta kidogo"

Kinyume chake. O/D ni overdrive, yaani gia ya nne; taa ikiwaka bila kukonyeza maana yake umeizima, na kwenye tambarare ya Igawa unaunguza mafuta bure. Wengine wanakuja kulalamika gari hailingani na za wenzao, nabonyeza kitufe, natoza hela ya soda. Kitufe hicho kina kazi yake: ukipanda na gari inahangaika tatu-nne-tatu-nne, kizime, kwa sababu kuhangaika huko kunaipasha moto haidroliki. Taa ikiwa inakonyeza-konyeza, hilo ni jambo jingine. Kompyuta imeona hitilafu, njoo tuisome.

"Kwenye mteremko weka frii, unaokoa mafuta"

Nani alianzisha hii? Injini ya sindano za mafuta, ukiachia pedali gari ikiwa kwenye D na inashuka, sindano zinakata mafuta. Ukiweka frii, injini lazima ijilishe ili isizime. Umeongeza matumizi, umepoteza breki ya injini, na breki za miguu unazikaanga. Hapo uko Kitonga, au mteremko wa Iwambi, lori liko mbele yako na lingine nyuma. Zima O/D, ukihitaji shusha 2, na uende taratibu. Ukiingia gereji yangu gari inanuka pedi zilizoungua, ukaniambia uliweka frii, nitakuhudumia, ila sitakuwa mcheshi.

"Asubuhi nikitoa P inapiga 'ko!', giaboksi imeanza kulegea"

Unaegesha wapi? Kwenye mteremko, bila breki ya mkono, kwa P peke yake. Usiku kucha gari yote imeegemea kidole kimoja cha chuma kilichoingia kwenye jino la gurudumu ndani ya giaboksi. Asubuhi unakivuta kikiwa kimebanwa na uzito wa gari nzima, lazima kilie. Simama, shika breki ya mguu, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu gari ikae kwenye hiyo, ndipo uweke P. Kesho asubuhi lever itatoka laini.